Karatasi inasema figo, daktari anasema moyo

SWALI

Madaktari wa safu ya mifugo, hamjambo?

Nafuga mbwa mlinzi hapa Nkuhungu, Dodoma. Ni dume, chotara wa German Shepherd, ana miaka 9 na uzito wa kilo 28. Alianza kukohoa usiku wakati wa upepo na vumbi, nasi tukadhani ni vumbi tu. Muuza dawa za mifugo akatupa prednisoloni ya miligramu 5, vidonge vitatu kila siku. Kikohozi kikatulia kidogo. Wiki ya tatu tumbo likaanza kujaa, akawa anachoka hata akitoka getini kwenda uani, na usiku anakaa kitako badala ya kulala ubavu.

Daktari wa mifugo alimsikiliza kifua, akasema moyo una mlio usio wa kawaida na tumboni kuna maji. Alimwandikia furosemidi miligramu 60 asubuhi na jioni, na enalaprili miligramu 10 mara moja kwa siku. Prednisoloni bado tunampa, maana hakuna aliyetuambia tuache. Siku miguu ya nyuma ikimkaza nampa nusu kidonge cha dawa ya maumivu, diklofenaki ya binadamu.

Baada ya siku 10 tumbo limepungua na analala vizuri zaidi. Daktari akataka damu ipimwe. Ilichukuliwa nyumbani saa nne asubuhi, ikafika maabara ya watu mjini saa nane mchana. Majibu ni haya:

Yurea 14.2 mmol/L, juu
Kreatinini 138 µmol/L, juu
Sodiamu 149 mmol/L, juu
Potasiamu 3.3 mmol/L, chini
Kloridi 101 mmol/L, kawaida
Kalsiamu 2.3 mmol/L, kawaida
ALP 640 U/L, juu
ALT 145 U/L, juu
Albumini 24 g/L, chini
Glukosi 2.4 mmol/L, chini

Jirani yangu ambaye ni muuguzi ameitazama karatasi, akasema figo zimekwisha, ini limekwisha na sukari imeshuka, kwa hiyo tuache furosemidi haraka. Niiache? Na majibu haya yanaonyesha tatizo ni moyo au mapafu? Anakula ugali na dagaa, na mchuzi unaobaki mezani. Kama ina maana yoyote, uani tuna mzabibu.

Mama wa Nkuhungu

JIBU

Mama wa Nkuhungu, pole kwa kuuguza.

Furosemidi usiiache. Mbwa aliyejaa maji kwa sababu ya moyo akikatiwa dawa hiyo ghafla, maji hurudi, na safari hii yanaweza kujaa kwenye mapafu. Hapo zinabaki saa chache za kumwokoa. Kinachotakiwa kukoma leo, kabla hata hujamaliza kusoma jibu hili, ni diklofenaki.

Sababu yake ni hii. Furosemidi hupunguza maji mwilini, hivyo damu inayofika kwenye figo inapungua. Enalaprili hulegeza mshipa mdogo unaotoa damu kwenye chujio la figo, hivyo msukumo ndani ya chujio unashuka. Figo hujitetea kwa kutengeneza kemikali zinazoutanua mshipa unaoingiza damu, na diklofenaki ndiyo inayozizuia kemikali hizo. Dawa mbili za kwanza figo huzimudu. Ya tatu ikiingia, uchujaji unaweza kusimama kabisa. Ibuprofeni ina hatari ileile. Tena diklofenaki ikikutana na prednisoloni huchimba vidonda tumboni. Angalia kinyesi chake: kikiwa cheusi kama lami, damu inavuja ndani, naye anatakiwa kuonwa siku hiyohiyo. Damu hiyo ikishasagwa tumboni mwili huichukua kama chakula cha protini, na yurea, taka ya protini inayotolewa na figo, hupanda hata kama figo ni nzima.

Sasa karatasi. Maneno "juu", "chini" na "kawaida" yaliyoandikwa pembeni yafute yote kwa kalamu. Mashine imesoma namba, na namba nyingi tunaziamini. Lakini maneno hayo yamepimwa kwa viwango vya binadamu. Jirani yako amesoma vizuri kabisa karatasi ya mtu. Mgonjwa huyu ni mbwa, na chumvi za damu ya mbwa zina viwango vyake.

Sodiamu ya binadamu huwa kati ya 135 na 145. Ya mbwa ni kama 140 hadi 155, kwa hiyo 149 yake haina tatizo lolote. Hata hivyo ni namba ya kuifuatilia, kwa sababu moyo ukizidi kuchoka mwili hushikilia maji kupita kiasi na sodiamu hushuka kwa kuzimuliwa. Mbwa wa moyo ambaye sodiamu yake iko chini ya 140 hali yake ni nzito kuliko anavyoonekana kwa macho. Wako hajafika huko.

Kloridi ndiyo namba ambayo karatasi imekuficha. Kwa binadamu 98 hadi 107 ni kawaida, ndiyo maana 101 ikapita bila alama. Kwa mbwa kiwango ni takriban 105 hadi 120, kwa hiyo huyu yuko chini. Kuna hesabu ndogo ya kuhakikisha: zidisha kloridi kwa 146, kisha gawanya kwa sodiamu iliyopimwa. Kwake ni 101 mara 146, gawanya kwa 149, unapata 99. Jibu la hesabu hiyo kwa mbwa mzima huwa kati ya 107 na 113. Maana yake ni kwamba kloridi imepotea yenyewe. Haikuzimuliwa na maji. Furosemidi hufanya hivyo, kwa kuwa huzuia figo kurudisha sodiamu, potasiamu na kloridi kwa pamoja, na kloridi ndiyo inayotoka kwa wingi zaidi. Kutapika nako huitoa kloridi, kwa hiyo mwambie daktari kama ametapika siku hizo. Kloridi ikishuka, bikaboneti hupanda na damu huelekea upande wa alkali. Kwa mbwa wa moyo kloridi iliyo chini huendana na ugonjwa uliosogea mbele au furosemidi nyingi, na inapokuwa chini hivyo furosemidi yenyewe huanza kupoteza nguvu. Daktari wako akiona 99 hiyo atafikiria dawa ya pili ya kusaidia badala ya kuongeza vidonge vya ileile.

Potasiamu 3.3 ni chini kwa mbwa pia, maana kiwango chake huanzia kama 3.5 hadi 5.5. Jirani yako huenda akasema damu iliyokaa saa nne haiaminiki kwa potasiamu, na kwa damu ya mtu angekuwa sahihi: chembe nyekundu za binadamu zina potasiamu nyingi, zikivuja namba inapanda. Chembe nyekundu za mbwa wengi zina potasiamu kidogo, isipokuwa mbwa wa asili ya Japani kama Akita na baadhi ya jamaa zao, kwa hiyo kuchelewa hakuipandishi sana. Potasiamu chini hulegeza misuli, hasa ya miguu ya nyuma, na huvuruga mapigo ya moyo. Huo mkazo wa miguu unaoutibu kwa diklofenaki unaweza kuwa unatokana kwa sehemu na potasiamu hii. Mwombe daktari apime na magnesi, madini mengine ya damu. Ikiwa chini, potasiamu hukataa kupanda hata uiongeze.

Usimpe dawa ya potasiamu ya kununua dukani wala usimlishe ndizi nyingi kwa nia ya kuipandisha. Enalaprili huibakiza potasiamu mwilini, na dawa tutakayoitaja mbele huibakiza zaidi. Potasiamu ikipanda kupita kiasi moyo unaweza kusimama.

Yurea 14.2 iko juu kwa mbwa, ambaye kawaida yake haizidi kama 9 au 10. Kreatinini 138, taka nyingine inayochujwa na figo, iko mpakani: mashine nyingi za mifugo huipa mbwa nafasi mpaka kama 140 au 150, ingawa wanaopanga daraja za ugonjwa wa figo huanza kuiangalia kwa makini kuanzia 125. Yurea imeruka, kreatinini imenyanyuka kidogo. Sura hiyo kwa kawaida huonyesha kuwa damu inayofika kwenye figo imepungua, ama kwa sababu moyo unasukuma kidogo, ama furosemidi imemkausha, ama vyote viwili. Prednisoloni nayo huvunja misuli na kuongeza yurea. Na diklofenaki ipo kwenye orodha.

Kuna jambo moja linalotuzuia kusema figo ni salama: mbwa wa moyo hukonda. Kreatinini hutoka kwenye misuli, hivyo mbwa aliyekonda anaweza kuwa na figo mbovu na kreatinini ya kupendeza. Papasa uti wa mgongo na paji lake. Kama mifupa imechomoza huku tumbo ni kubwa, sehemu ya zile kilo 28 ni maji, na dozi zote zinahitaji kuhesabiwa upya kwa uzito wake mkavu.

Kipimo ambacho kingekata mzizi wa fitina ni uzito wa mkojo ukilinganishwa na maji. Mbwa mwenye figo nzima aliyepungukiwa maji hukojoa mkojo mzito, juu ya 1.030. Lakini furosemidi na prednisoloni zote huuzimua mkojo, kwa hiyo ukipimwa leo hautasema kitu. Ulipaswa kupimwa pamoja na damu kabla ya kidonge cha kwanza, na hili tunalisema pia kwa madaktari wenzetu wanaosoma hapa: mbwa wa moyo akianza furosemidi na enalaprili bila kreatinini ya mwanzo, baadaye hamna cha kulinganisha nacho. Pima protini ya mkojo hata hivyo. Hiyo bado ina maana.

Ule mzabibu wa uani una maana kubwa. Zabibu, mbichi au kavu, huua figo za mbwa, na hakuna idadi tunayoweza kukuhakikishia kuwa ni salama. Dodoma ni mkoa wa zabibu, na mbwa wa mjini hapa huokota zilizoanguka bila mtu kujua. Mbwa aliyekula hutapika ndani ya saa chache, na kreatinini huanza kupanda siku moja hadi tatu baadaye. Zungushia wavu chini ya mzabibu, na mwambie daktari kama umewahi kukuta maganda kwenye matapishi au kinyesi.

ALP 640 ndiyo iliyomtisha jirani yako kuhusu ini, kwani ALP na ALT ni vimeng'enya vinavyopimwa kuchunguza ini. Mbwa wana aina ya ALP ambayo ini lao huitengeneza likipewa dawa za jamii ya prednisoloni, binadamu hawana. Wiki tatu za vidonge vitatu kwa siku zinatosha kabisa kuifikisha hapo, na baada ya kuacha inaweza kuchukua wiki kadhaa kushuka. Kwa namba hiyo peke yake hatuwezi kusema ini limekufa. ALT 145 inaeleweka pia: upande wa kulia wa moyo ukishindwa, damu hurudi nyuma na kujaa kwenye ini, chembe za ini hukosa oksijeni na ALT huvuja. Ongezeko la mara moja na nusu au mbili ni la kawaida kwa mbwa wa moyo. Wasiwasi ungeanza kama bilirubini, ile rangi ya njano ya damu, ingekuwa juu, macho na fizi zingekuwa za njano, au ALT ingekuwa mamia mengi.

Albumini, protini kuu ya damu, ikiwa 24 kwa binadamu ni balaa. Kwa mbwa iko kwenye ukingo wa chini tu. Ina kazi moja muhimu hapa. Mtu anaweza kukuambia tumbo limejaa kwa sababu protini imepungua. Kwa mbwa, maji ya tumboni yanayoletwa na upungufu wa albumini peke yake huonekana albumini ikiwa chini ya kama 15. Kwa 24, tafuta sababu nyingine, na moyo wa kulia uko mbele kwenye foleni. Daktari akivuta maji kidogo ya tumbo akapima protini, ikizidi 25 g/L hiyo inaunga mkono moyo. Asiyavute yote mara kwa mara kama mbwa anapumua vizuri, maana kila akivuta anatoa na albumini.

Glukosi 2.4 isahau. Chembe za damu ndani ya kichupa huendelea kula sukari mpaka zitenganishwe, na kwa joto la Dodoma saa nne zinatosha kuishusha sana. Mbwa mwenye sukari 2.4 ya kweli mara nyingi hutetemeka, huyumba au hupata degedege, na aliye kwenye prednisoloni sukari yake huelekea juu zaidi. Ukitaka kuijua, tone moja kwenye kipima sukari cha mkononi palepale nyumbani linatosha, ukikumbuka kwamba vipimo vya binadamu mara nyingi husoma chini kidogo kwa damu ya mbwa.

Kalsiamu 2.3 nayo imetusaidia. Damu ikipitia kwanza kichupa cha kifuniko cha zambarau, dawa ya kuzuia damu kuganda iliyomo, EDTA, huishusha kalsiamu na kuipandisha potasiamu kwa uongo. Kalsiamu yako ni ya kawaida, kwa hiyo kosa hilo halikutokea.

Umeuliza moyo au mapafu. Kemia ya damu haiwezi kukujibu, na anayekuambia anajua kwa karatasi hii tu, usimfuate. Ugonjwa wa mapafu wa muda mrefu hupandisha shinikizo kwenye mishipa ya mapafu, upande wa kulia wa moyo huchoka, na mwisho wake ni uleule: tumbo la maji, ALT juu, yurea juu. Bronkaitisi sugu ya kawaida mara nyingi huiacha kemia yote ikiwa safi. Nimonia huonekana zaidi kwenye picha nzima ya damu, ile FBP: chembe nyeupe hupanda, na kwenye kemia albumini hushuka huku globulini, protini nyingine za damu, zikipanda. Globulini zilizopanda sana huku chembe sahani, zile za kugandisha damu, ziko chini zinatupeleka kwa kupe na ugonjwa wanaoueneza wa erlikia, ambao hapa kwetu ni wa kutafutwa kila mara. Mbwa aliyekosa oksijeni kwa miezi hujaza chembe nyekundu zaidi. Kwa mbwa mzima hizo hushika kama asilimia 37 hadi 55 ya damu. Kama mbwa huyu amewahi kuishi Pwani, aombewe kipimo cha minyoo ya moyo, inayoenezwa na mbu.

Kinachotofautisha ni sikio la daktari, eksirei ya kifua na upimaji wa moyo kwa mawimbi ya sauti. Kipo pia kipimo cha damu cha NT-proBNP: mbwa anayehema kwa shida akiwa chini ya 900 pmol/L, moyo si mshukiwa mkuu, akiwa juu ya 1,800, moyo ndio mshukiwa. Lakini figo zikiwa mbovu nacho hupanda, na sampuli yake inahitaji ubaridi njia nzima. Eksirei ya pande mbili ni ya bei nafuu na itakupa jibu mapema zaidi. Dodoma kuna kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, TVLA, cha kuuliza vipimo vya erlikia na minyoo. Kwa moyo wenyewe, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro kina hospitali ya wanyama. Akisafirishwa, safari iwe alfajiri.

Kipimo cha oksijeni cha kidoleni unaweza kukitumia mdomoni, kwenye sehemu ya waridi isiyo na weusi, kwani weusi wa midomo ya German Shepherd huvuruga usomaji. Chini ya 95 mpeleke kwa daktari. Chini ya 90 ni dharura. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, kwa hiyo daktari akipima oksijeni ya damu ya ateri ategemee namba ya chini kidogo kuliko vitabu vilivyoandikwa kwa watu wa usawa wa bahari.

Damu irudiwe, na safari hii iwe hivi. Asile kwa saa 8 hadi 12, ila maji yawepo muda wote. Dawa za asubuhi apewe kama kawaida, na saa ya kumpa iandikwe. Akae au alale kifudifudi. Mbwa anayehema asilazwe ubavu kwa nguvu, anaweza kufa mezani. Sindano iwe ya namba 21 au 22, damu ivutwe polepole. Kichupa chekundu kijazwe kwanza, cha zambarau baadaye, na cha kijivu kama glukosi inatakiwa. Damu isisukumwe kupitia sindano: ng'oa sindano kwanza, la sivyo chembe zinapasuka. Kichupa chekundu kisimame kivulini dakika 20 hadi 30 igande, kizungushwe kwenye mashine dakika 10, na seramu ihamishiwe kichupa kingine. Hapo iwekwe kwenye kibebeo chenye barafu iliyofungwa kitambaa, isiguse barafu. Seramu iliyotenganishwa hivyo inaweza kusubiri mpaka kesho bila kuharibika kwa vipimo hivi. Kwenye fomu yaandikwe maneno mawili makubwa: DAMU YA MBWA. Sodiamu, potasiamu na kloridi zipimwe kwa mashine moja kila mara, vinginevyo ile hesabu ya kloridi haina thamani.

Kuhusu dawa, mpelekee daktari wako mambo haya mkae mkubaliane. Prednisoloni huufanya mwili ushike chumvi na maji, na kwa mbwa wa moyo hilo ni mzigo; inawezekana kabisa ndiyo iliyofungulia maji ya tumbo. Usiikate ghafla baada ya wiki zote hizi. Mpango unaotumika sana ni miligramu 10 kwa siku 5, kisha 5 kwa siku 5, kisha 5 siku moja ndiyo siku moja hapana kwa wiki moja, halafu basi. Pili, muulize kuhusu spironolaktoni, miligramu 2 kwa kilo kwa siku, ambayo kwa uzito wake ni kama vidonge viwili vya miligramu 25. Haitoi maji mengi, ila inabakiza potasiamu na inamsaidia mbwa wa moyo kwa muda mrefu. Tatu, pimobendani, dawa ya kuusaidia moyo kusukuma, miligramu 0.25 kwa kilo kila saa 12, saa moja kabla ya chakula. Haipatikani kila duka, lakini kama eksirei na mawimbi ya sauti vitathibitisha moyo uliotanuka, ni dawa ya kutafutwa kwa bidii. Furosemidi ibaki kwenye dozi ndogo kabisa inayomwezesha kulala bila kuhema. Siku ikionekana inaweza kupunguzwa, daktari ndiye atakayeipunguza.

Damu ipimwe siku 7 hadi 14 baada ya kila badiliko la dawa, kisha kila miezi mitatu akitulia. Kreatinini ikipanda hadi asilimia 30 baada ya enalaprili tunaivumilia, mradi mbwa anakula na kuchangamka. Kwa kuanzia na 138 yake, mstari ni kama 180. Ikivuka hapo, au potasiamu ikiwa chini ya 3.0 au juu ya 6.0, dozi zibadilishwe siku hiyo. Akitapika, akiharisha au akikataa maji, enalaprili ya siku hiyo isitolewe mpaka uongee na daktari.

Nyumbani, mchuzi wa mezani ukome. Una chumvi inayopigana na furosemidi, na vitunguu maji na vitunguu saumu vyake huvunja chembe nyekundu za mbwa. Dagaa wenye chumvi wakome pia. Ugali wa dona au mtama, nyama au utumbo wa kuchemsha bila chumvi, yai mara kwa mara. Protini usimpunguzie kwa kuogopa figo, huyu anapoteza misuli tayari. Maji usimnyime hata kidogo. Atakunywa sana na kukojoa sana. Siku za mgao wa maji ndoo yake ijazwe kwanza, kwa sababu mbwa wa furosemidi akikosa maji nusu siku kwenye joto la Oktoba, yurea ile ya 14 inaweza kupanda sana.

Mpime uzito kila wiki kwenye mizani moja. Na kila usiku, akiwa amelala na hahemi kwa joto, hesabu kifua kinavyonyanyuka kwa dakika nzima, uandike. Chini ya 30 ni salama. Ukipata zaidi ya 30 mara mbili mfululizo, mpigie daktari asubuhi. Ikizidi 40, au ulimi na fizi zikigeuka bluu au kijivu, au akikataa kulala kabisa, au akizimia, usisubiri asubuhi wala majibu ya maabara: mpakie garini akiwa amekaa kitako, madirisha wazi, na umpigie daktari mkiwa njiani aandae oksijeni na furosemidi ya sindano.